Kinasasauti cha Safari Kimepatikana

Napenda kukutangazia rasmi kwamba kinasasauti cha safari, kile kidogo cha kaseti tulichokuwa tukipokezana enzi za hoteli na viwanja vya ndege, kimepatikana katika kabati la vikombe.

Kinafanya kazi. Hilo ndilo tatizo.

Mkurugenzi alikitia betri mpya mbele ya kikao kizima, ili vijana wasikie jinsi alivyokuwa akisoma ripoti zake njiani. Ripoti ilikuwa nzuri, tena fupi.

Fupi mno, ndugu yangu. Bila kujua, aliirekodi juu ya ule mchezo wako wa kumwigiza, na mchezo ulikuwa mrefu kuliko ripoti.

Kwa hiyo, baada ya "naomba kuwasilisha," ukumbi ulikusikia wewe, kwa sauti yake, ukihema na kukohoa chini ya kitanda cha hoteli: "Tundu la umeme liko wapi? Kompyuta nzito kama gunia, na haina chaji! Chomoeni friji!"

Chomoeni friji. Naye ameketi pale pale.

Mhasibu akasema, "Bosi, hata kikohozi ni chako!"

"Mimi sijawahi kuingia chini ya kitanda," akajibu. Sisi tuliowahi kumvuta miguu atoke tukatazama dari.

Nakukumbusha kwamba Ijumaa anamtangaza naibu wake, na jina lililoko mezani ni lako.

Kuhusu kaseti, uamuzi umeshatolewa. Imeundwa kamati ya kumtambua mwenye sauti. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni wewe, na umeagizwa kumsomea Mkurugenzi matokeo Ijumaa, kwa sauti.