Jogoo Aliyehamishwa kwa Sababu Yangu

Jumatatu, 2 Juni
Saa mbili kamili. Mlango nimefunga, kompyuta nimewasha. Nimecheza karata mpaka saa nne. Mama akaniletea chai na nduma, akinyata kama aliyechelewa kanisani. Akaweka, akatoka bila neno. Wiki ya tatu hii nyumbani Kajiado na nalala vizuri kuliko nilivyowahi kulala Kitengela. Huko kazi yangu ilikuwa kuuza ploti. Miezi minane bila kuuza hata moja, wakanitoa. Mama anajua nimeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Nilimwambia mimi mwenyewe, na uso mkavu.

Nduma zilikuwa tamu.

Jumanne, 3 Juni
Nilidhani kimya hiki ni cha Kajiado. Kumbe ni cha Mama. Redio haiwashwi hadi jioni. Fundi wa mageti hapo jirani ameombwa asikate vyuma asubuhi. Na jogoo amepelekwa kwa Mama Nasieku, ng'ambo ya reli, kwa kuwa aliwika nikiwa mkutanoni. Mkutano gani? Nilikuwa nimelala. Nimecheka peke yangu. Halafu nikaona aibu.

Alhamisi, 5 Juni
Sokoni nimekutana na Mama Nasieku. Tukasalimiana Kimaasai: takwenya, iko. Anasema jogoo wetu anapigana na wake kutwa. Kisha akaniambia, "Pole ya Jumamosi, Nyambura. Mama yako alikuwa amengojea hiyo siku mwaka mzima."

Sikujua Jumamosi ya nini. Ni ya akina mama wa kanisa, wanaozunguka nyumba kwa nyumba kwa maombi. Ilikuwa zamu ya Mama, mara ya kwanza tangu sebule iwekwe vigae. Ameitoa zamu yake ili wasinisumbue kazini. Kabatini kuna mapazia mapya ya siku hiyo; nilidhani ni mashuka.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu Mama ndiye anayeitembea. Najichukia leo.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwambia. Tulikuwa tunamenya viazi. Hakuna kazi, Mama, tangu Aprili. Kisu chake kikasimama.

"Na hao watu ulikuwa unaongea nao huko ndani?"

Hakuna watu. Nilikuwa naongea peke yangu.

Alimenya viazi vitatu vingine. Nilihesabu. Kisha akasema, "Jogoo wangu, Nyambura," kwa sauti ya mtu aliyeumizwa kweli. Akaosha mikono, akampigia mwenyekiti wa akina mama kuomba zamu yake. Ameipata. Kisha amenipa mapazia nipige pasi.

Jumapili, 8 Juni
Jana sebule ilijaa. Mandazi nilikaanga mimi. Wakati wa kutaja mahitaji Mama alisimama, akasema mbele ya wote, "Nyambura hana kazi. Tumuombee." Nilitamani vigae vinimeze. Waliomba, wakasema amina, wakaulizia mandazi zaidi. Basi. Hakuna aliyeanguka kwa mshtuko.

Jogoo alirudi jioni kwa boda, amefungwa miguu, amekasirika. Leo amewika saa kumi na moja chini ya dirisha langu. Sina hasira naye. Nimeamka, nikachemsha chai, nikawasha redio. Nimempelekea Mama kikombe chake kitandani.

Sikunyata.