Mama amezikwa bila katekista

Bunia, siku ya tano, mwezi wa nane 1978

Na bado nina hasira na katekista wetu. Tulimufuata asubuhi aje kumuzika mama, akakataa. "Alikuwa bibi wa pili," akasema. "Sheria ya Kanisa munaijua."

Tunaijua. Mama aliijua kuliko siye wote. Kila siku ya Mungu alienda misa, na wengine waliposimama kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi, kichwa chini.

Kaburini tulisimama tu, hakuna aliyejua nani aanze sala. Ndipo Mama Mukubwa, bibi wa kwanza wa baba, ambaye hakuwahi kuingia nyumbani kwetu, akatoka katikati ya watu na kupiga magoti kwenye udongo.

"Tuombe," akasema. "Huyu iko mwenzangu."

Akaanza Baba Yetu, nasi tukamufuata. Nilitaka kumushukuru, nikashindwa, nikalia tu begani mwake.

Sasa nimebaki peke yangu na ninaogopa. Kama Mungu naye anafuata sheria ile, basi mama...

Nataka kuamini kwamba Mungu ana moyo kama wa Mama Mukubwa. Leo sina uhakika.