Mguu Uliooshwa Kabla ya Kipimo

Mwanza, Jumapili asubuhi

Kwako Baba Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Mimi mwili mzima, na hali ya moyo utaisoma humu humu. Huo mguu vipi? Homa bado inapanda jioni? Mama mkwe anakula vizuri? Naandika kwa mkono maana kila nikipiga simu yako anapokea bi mdogo, na ile sauti yake laini inanikata hamu ya kusema.

Majibu ya kipimo nimeyaona. Alinitumia picha ya karatasi yeye huyo, mke mwenzangu, akaandika chini: "Dada, hospitali hawajaona kitu. Ijumaa ijayo tunampeleka Ngarambe kwa mganga." Tunampeleka. Neno hilo nililirudia kutwa nzima. Akaongeza na picha ambayo sikuiomba: wewe umekaa kwenye kigoda mlangoni, yeye kachutama, mguu wako uko mapajani mwake, anauosha. Na kitenge alichojifunga ni kile nilichokutumia umpe mama yako.

Sasa nisikilize. Hili nalisema kama mtu wa maabara, ingawa wivu ninao na sifichi. Jana nilimpigia muuguzi wa zahanati ya hapo kisiwani, nikamuuliza kidonda kilikuwaje siku anachukua kipimo. Akacheka. Akasema tangu aanze kazi hajaona kidonda kisafi vile. Bi mdogo alikiosha asubuhi kwa maji ya moto na dawa ya kuulia vijidudu, akafungua kapsuli mbili akamwagia unga wake, ndipo mkaenda. Eti mume wake asionekane kama hana mtu nyumbani.

Muuguzi akapitisha kijiti cha pamba juu juu, kwenye hiyo hiyo dawa. Kijiti kikalala siku nzima kikingoja boti, kisha kikaenda maabara ya hospitali Kibiti kwa bodaboda, juani. Kiote nini hapo? Sisi tunakipaka kwenye kisahani tusubiri wadudu waote. Wa juu mmeshawaua kwa unga wa kapsuli, wa ndani kijiti hakikuwafikia, na ndio wanaokula nyama mpaka goti limevimba. Karatasi ikisema hakijaota kitu, haina maana kwamba hakuna kitu. Ukipoteza wiki nyingine Ngarambe, mguu huo utakatwa.

Ulipooa uliniambia unataka mtu wa kukutengea maji ya kuoga, kwa kuwa mimi ajira imenileta Mwanza. Haya, umempata. Kakuosha mpaka ugonjwa haujulikani.

Lakini nisiwaseme ninyi tu. Juzi, ile picha ikiwa bado machoni, nilibandika jina la mzee mmoja kwenye kichupa cha mkojo cha mzee mwingine. Mkuu wangu aliona kabla majibu hayajatoka, akaniuliza nina nini. Nikamwambia macho yananiuma. Vichupa vyote viwili vikamwagwa, wazee wakarudishwa kutoa upya. Mmoja anatembelea mkongojo, nikamshika mkono hadi mlango wa choo, nikaona aibu. Miaka yote hii nawafundisha wenzangu kuosha mikono, sikujua kwamba hata hasira inachafua kipimo.

Msalimie mama mkwe, mwambie kitenge kingine kinakuja na nitamkabidhi mwenyewe. Mwanangu Mwanaidi mbusu, asiache chuo cha Kurani. Shemeji mwenye boti mwambie safari hii hakuna kubeba kijiti, atakubeba wewe mzima mpaka nchi kavu, uende kupimwa Kibiti kwenyewe.

Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa kazini, anapanda basi kesho. Hapa ulipofika, mpe bi mdogo asome mwenyewe, maana asubuhi ya kipimo najua nani atakuwa na beseni mkononi.

Mdogo wangu, dawa zote mlizompa mtajie daktari, hata zile za kununua dukani. Kidonda akisafishe mhudumu wa hapo, achukue usaha wa ndani. Asubuhi hiyo wewe usimwoshe. Atanuka, na watu kwenye boti watakutazama wewe. Kaa naye hivyo hivyo, karibu. Ningekuwa huko ningekaa mimi.

Ni mimi, mkewe wa kwanza,
Mama Mwanaidi