Vumbi la Dirishani

2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa kukodolea hadubini.

Kaka ameniambia umekubali kufunga duka mwisho wa Machi, nije nikuchukue uhamie kwangu. Ameniambia pia kwamba tangu mikono ianze kutetemeka hugusi saa yoyote ya mteja, unakaa tu umeligeuzia dirisha mgongo. Baba, hilo limeniuma. Nakutaka kwangu, lakini sitaki uje kwa kukata tamaa.

Nimekutumia kichupa. Ndani yumo nyigu mmoja aliyekaushwa, wa ule ukoo ninaoushughulikia hapa makumbusho. Usicheke, ni nyigu kweli, ingawa ni mdogo kuliko nukta ninayoiweka hapa. Hana shida na mtu. Hutaga yai lake ndani ya yai la mdudu mwingine, na mtoto hukulia humo humo mpaka atoke na mabawa yake. Mtazame kwa ile lenzi yako ya kubana jichoni.

Mwanao,
Chiriku

20 Februari

Chiriku,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Kichupa kimefika. Nyigu nimemwona, ni mzuri sana, hongera kwa kazi. Vifaa nimeanza kuvifunga kwenye maboksi.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo tena, na pole kwa kufungafunga. Wewe uliyewahi kunieleza springi moja ya saa tangu chakula cha mchana hadi giza likaingia, leo unaniambia “mzuri sana”, basi? Mabawa yake umeyaonaje? Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Chiriku

24 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Samahani kwa kimya. Sijambo, tena sijambo kuliko nilivyokuwa.

Nilikudanganya. Fundi saa akifungua kitu, kabla ya yote hupuliza vumbi. Nilifungua kichupa chako, nikapuliza. Nyigu wako akaenda zake, nami nikaona aibu kukuambia.

Barua yako ya pili ilinikosesha raha. Nikafungua boksi la vifaa, nikatoa lenzi nimtafute. Mezani hayupo. Nikahamia kwenye ukingo wa dirisha, kwenye lile vumbi ambalo jirani yangu mshonaji hachoki kunisema kwalo. Nikamwona. Nikasema, afadhali, huyu hapa. Akatembea.

Kumbe si wako, huyu ni mzima; nikabana pumzi nisimpulize naye. Nimefungua saa za kike ndogo kama ukucha, nikajiona nimeshayajua madogo ya dunia hii. Huyu ana macho, ana miguu yenye viungo, na mabawa membamba kama vijiti, kingo zake zimejaa nywele ndefu. Na wewe unaniambia vyote hivyo vilikunjwa ndani ya yai la mdudu mwingine. Nani aliyevikunja? Niliingiwa na hofu, ile ya mtu aliyejikuta ameingia mahali patakatifu na viatu.

Nilipozinduka, mikono yangu ilikuwa mapajani, inatetemeka kama kawaida, nami nilikuwa nimeisahau kabisa. Lenzi hushikwa na jicho.

Nikamwita mshonaji. Alitazama mpaka akasahau kunisema kwa vumbi, na yule mama unamjua. Kesho yake akaleta wateja wake, wakapanga foleni mlangoni kwangu kama zamani. Mmoja akaniachia saa nimbadilishie mkanda. Nimebadilisha. Imenichukua muda, lakini nimebadilisha.

Wako wengi, Chiriku. Siku moja wazima, siku nyingine wamekufa wamelala kwenye vumbi, wadogo hivyo na hawajapungukiwa kitu. Miaka yote hii nimekaa nao chumba kimoja.

Mwenye nyumba nimemwambia nabaki, kwa hiyo usije kunichukua. Njoo kunitembelea. Na ukifika usijifanye mtoto mwema ukaanza kunisafishia duka. Sakafu fagia ukitaka, lakini vumbi la dirishani usiliguse.

Baba yako,
fundi