Bwana wa Pango la Vumo

Mbeya,
Agosti 1957

Kwa mdogo wangu Mwantumu binti Salehe,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lake limepunguza kumsumbua. Mpe shikamoo yangu kwanza, kisha ukae mahali peke yako ndipo uendelee kusoma. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno, watoto wanalala na masweta, na shemeji yako Ahmadi bado anahangaika na biashara yake ya mchele kati ya Rujewa na hapa. Ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono wake, maana sikutaka kuitia posta. Ukishaisoma muulize lolote, alikuwapo.

Barua yako niliipata. Unasema fundi Mahadhi amekuposa tena na umemrudisha tena, kwa kuwa mganga Mwinchande amesema mumeo Alawi hakufa. Eti jini wa Pango la Vumo amemfanya bwana harusi huko chini, na ipo siku atamrudisha. Na kaka yetu Isihaka eti alikuwa mahari. Mwantumu, niliposoma maneno hayo nilitema mate. Mtu mzima na kilemba chake anakula kuku wa mama yangu kila mwezi unapoandama, kisha anamwambia mwanawe alikuwa mahari!

Pango lile tunalijua tangu tukiwa watoto tunaokota chaza. Bibi alitueleza habari zake, wala hakututajia jini hata mmoja. Zamani za misafara ya watumwa, wanawake wa kijiji chetu cha Mwambamtoni walikuwa wakijificha humo na watoto wao maji yakipwa. Safari moja, kwa hofu, wakasahau kuwa ni bamvua, siku za maji makuu. Maji yakajaa mpaka darini, hakutoka mtu. Baadaye, wakati wa Mdachi, wanaume waliokimbia kodi wakajaribu tena, nao wakaokotwa ufukweni. Mlango wa pango uko chini, bahari ikianza kujaa ndio wa kwanza kuzibwa. Sakafu inateleza kwa mavi ya popo, na kuta zina chaza wanaokata kama wembe. Ule mvumo unaowatetemesha watu ni upepo uliobanwa na maji nyuma ya mwamba. Hatari yake ndiyo hiyo, na imetosha kuua watu bila msaada wa jini.

Sasa nikueleze kilichotokea. Ahmadi alirudi kutoka Rujewa akicheka peke yake. Alisema kule kwenye mashine ya kukoboa mpunga amezuka mtu anayejiita Bwana Bahari, anayewatibu Wasangu kwa maji ya pangoni. Anawaambia aliwahi kuzama katika pango moja la pwani, jini akamshika mkono, akampitisha kwenye vyumba vya marumaru, akamfundisha dawa, kisha akamtoa akiwa mkavu bila tone la maji. Ahmadi alinisimulia kama kichekesho. Nami nilicheka, mpaka alipolitaja jina la pango. Nikaacha kula. Nani huku bara anayelijua Vumo? Hata Kilwa mjini hawalijui.

Nikapanda lori la mchele pamoja na Ahmadi. Tulipopita Uyole bado nilikuwa najiambia kwamba ni baharia fulani tu aliyesikia habari zetu. Tukateremka Usangu, joto likatupokea, na nyuma ya mashine nikaona watu wamekaa kwenye pumba, wagonjwa na wazima. Katikati yao ameketi mtu amenenepa, shingoni amejitundika simbi za baharini, mbele yake chupa zimepangwa. Nilichovya kidole katika chupa moja nikaonja. Maji ya mfereji wa mpunga na chumvi ya dukani. Nikamtazama usoni. Ni yeye, Mwantumu. Ni Alawi. Mumeo yu hai, ana kitambi, na anauza maji ya chumvi.

Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Alawi, Mwantumu anakusalimu."

Ungemwona! Mdomo ulibaki wazi kama wa samaki sokoni. Akawaambia watu wake kwamba jini amemwita, eti waondoke, akatuvuta mbio mpaka nyumbani anakoishi. Nyumba ni ya mjane mmoja wa Kinyakyusa, jina lake Tupokigwe, mama mwenye shamba lake na heshima zake. Alitukaribisha chai bila kujua sisi ni nani. Alikuwa ameambiwa kwamba Bwana Bahari hana mke wala ndugu, wote walikufa maji. Mimi nikamwambia mbele yake kwamba mke yupo, mzima, ni mdogo wangu, na bado anamngoja. Yule mama akaweka birika chini, akakaa.

Hapo nikamtaka Alawi aseme. Siku aliyopotea pangoni mimi nilikuwa huku Mbeya, niliyajua yale tu uliyoniandikia: kwamba alijigamba barazani ataingia Vumo maji yakipwa, akae humo yajae na yapwe tena, ndipo atoke, kwamba akavua kanzu na makubazi akaviacha juu ya jiwe, akaingia huku vijana wakimshangilia, kwamba maji yalipoanza kuingia nyote ufukweni mlisikia ukelele wake, na kaka yetu Isihaka akajitosa kumfuata. Isihaka mlimzika. Alawi hakuonekana, tukasema bahari imemchukua.

Haikumchukua. Alisema maji yalipomfika magotini na mvumo ulipoanza, alipiga ukelele na kukimbilia ndani badala ya nje. Akaona uzi wa mwanga juu, akakwea kwa kucha mpaka akakuta tundu linalotokea kwenye kichaka cha miiba, juu ya mwamba. Akapenya akatoka. Nguo ameichafua kwa hofu, na kutoka kule juu anaisikia sauti ya vijana aliojigamba kwao. Akaona haya. Akalala kifudifudi kichakani akingoja watu watawanyike. Badala ya kutawanyika wakaanza kulia. Akaona sasa ndiyo imekuwa vigumu zaidi kujitokeza. Giza lilipoingia akaondoka, akatembea mpaka akapata gari la bara. Hivyo tu. Miaka yote hii umevaa huzuni kwa ajili ya mtu aliyeogopa kuchekwa.

Nilidhani huo ndio mwisho wa aibu yake, nikainuka niondoke. Lakini Ahmadi, ambaye huwa hasemi sana, akamwuliza kama pale kichakani alijua kwamba Isihaka ameingia kumtafuta. Alawi akatazama ukutani. Ahmadi akauliza tena. Ndipo yule mtu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alijua. Alimsikia. Sauti ilikuwa ikipanda kwenye lile tundu, karibu kabisa na sikio lake: "Alawi! Alawi! Uko wapi, ndugu yangu?" Iliita mara nyingi. Halafu maji yakavuma, ikakatika.

Nikaketi tena. Mwantumu, angeitika neno moja tu, "Huku," Isihaka angeufuata mwito huo, angeliona tundu, angetoka. Pango halikumuua kaka yetu kwa maji peke yake.

Aliyesema ni Tupokigwe. Alisimama mbele yake akamwuliza, "Huyu ndugu alikuita kwa jina, na wewe ukanyamaza tu?" Alawi akaanza kulia, eti alikuwa kijana, eti hakudhani. Yule mama hakumsikiliza. Aliingia chumbani akatoka na mkeka wa Alawi na kapu lake la chupa, akavitupa nje kwenye vumbi mbele ya majirani. Akaniambia mimi, kwa upole, "Pole, dada. Mimi nilimpikia bila kujua."

Alawi alinifuata mpaka kwenye lori akinisihi nisikuambie wewe wala Mama, nimwache abaki amekufa, ndiyo heri kwa wote. Heri! Nikamwambia nitaandika mpaka mbuzi wa Mwambamtoni wajue. Tukampakia juu ya magunia, tukamleta Mbeya mbele ya shehe wa msikiti wetu, akakupa talaka huku Ahmadi na jirani mmoja wakishuhudia. Shehe amesema ukae eda ya talaka, kisha uko huru. Ahmadi atakwenda nawe kwa kadhi kushuhudia. Alawi mwenyewe amekwenda zake, wala sikumwuliza anaelekea wapi.

Najua utalia. Lia kwa ajili ya Isihaka, lakini kwa yule usimwage hata chozi la hasira. Fundi Mahadhi akirudi, umsikilize kwanza, ukimtaka umtake, usipomtaka iwe ni kwa sababu zako mwenyewe. Mwinchande akija, Ahmadi nimemwambia ampokee mlangoni, asimpitishe ndani.

Kwa Mama sijui tutaanzaje. Nakuachia wewe uliye karibu naye, ila naomba usimfiche. Amekuwa akiamini mwanawe alitolewa kama kitu. Mwambie Isihaka alikwenda kwa miguu yake, mahali ambapo wanaume wote wa ufukweni waliogopa, na mpaka sauti yake inakatika alikuwa anamtafuta mwenzake.

Watoto wanakusalimu sana, na jirani zangu wote wanaokujua kwa jina. Nasi tunakuombeeni afya na subira.

Mimi dada yako akupendaye,
Bibie binti Salehe