Mlango wa Nyuma wa Duka la Mji

Nordby, Minnesota
Jumatano asubuhi

Kaka yangu mpendwa Verlyn,

Pokea salamu zangu za moto katika baridi hii. U hali gani, na wifi Janelle na watoto? Goti limepona, au bado unahubiri umeegemea mimbari huko Iowa? Sisi ni wazima, na Mama ni mzima kupita kiasi, kama utakavyosikia. Keti kwanza.

Habari ni hii: duka halifungwi! Duka letu la pombe, mali ya mji, lile ambalo wewe hulitaja huku ukikohoa, linaendelea, na meneja wake bado ni mimi.

Unajua hali yetu. Faida ya bia ndiyo iliyonunua gari la zimamoto, ndiyo inayogandisha uwanja wa barafu wanakoteleza watoto. Kisha mauzo yakaporomoka, hasara mwaka baada ya mwaka, hadi sheria ya jimbo ikatulazimisha kuwaita wananchi waseme kama duka libaki au lifungwe. Meya Tollefsrud akawa anasema waziwazi kwamba likifungwa, uwanja wa barafu nao basi, na mimi nitafute kazi nyingine. Nilikonda, Kaka.

Chanzo nilikijua. Ni ukarabati ule. Madiwani walitaka duka lipendeze, wakaziba mlango wa nyuma, ule wa kichochoroni, wakaweka vioo vikubwa upande wa mbele, vinatazamana na kanisa. Jamani, watu wa hapa! Wakaanza kuendesha gari hadi mji wa jirani, Haugen, kununua chupa ileile kwa bei kubwa zaidi, ili mradi wasionwe. Niliwaeleza madiwani, wakanicheka. Meya akaniambia nimtajie hata mtu mmoja anayejificha. Ningemtajaje mtu?

Basi jana ukumbi ulifurika. Nikasimama, nikaomba mlango wa nyuma ufunguliwe. Kila mtu akatazama kikombe chake cha kahawa. Meya akauliza kama yupo aliyeacha kununua kwa sababu ya mlango. Nani angejibu, Mchungaji Lund akiwa mstari wa mbele? Diwani mmoja akasema haya, mmeona wenyewe, tupige kura tukalale. Machozi yakanilenga.

Hapo akasimama Mama. Ndiyo, Mama yetu, mpiga kinanda wa kanisa, na koti lake la Jumapili. Akasema kila Ijumaa huenda Haugen kununua brandi yake, iwe theluji, isiwe theluji, kwa sababu wao wamemzibia mlango, na kwamba mwezi uliopita gari liliteleza likaingia mtaroni, akavutwa na trekta huku kakumbatia chupa. Akamwambia meya asijifanye hajui, maana hukutana naye kwenye foleni kulekule! Kaka, watu walicheka hadi viti vikalia. Meya akawa mwekundu kama nyanya. Mara mzee Ordell akanyoosha mkono kukiri naye, akafuata mkewe, kumbe hata wao kwa wao walikuwa wanafichana, halafu nusu ya kwaya. Kura za madiwani zikawa nne kwa moja: duka libaki, mlango ufunguliwe. Fundi anabomoa ukuta sasa hivi, nasikia nyundo ninapoandika.

Sasa hili la mwisho, na nakuomba usikasirike. Nikimrudisha nyumbani nilimuuliza Mama miaka yote hiyo alikuwa akimwogopa nani, Mungu au mchungaji. Akasema Mungu anajua tangu zamani, na Mchungaji Lund hunywa naye. Aliyekuwa akimwogopa ni wewe. Kila ukipiga simu unaanza kwa kuuliza kama lile duka la dhambi limefungwa, naye husema, bado, mwanangu, huku akiweka glasi chini polepole usije ukaisikia. Kisha akaniuliza kama nadhani bado utakuja Krismasi.

Mpigie leo, Kaka. Habari za duka ziache. Mwambie unakuja.

Wifi mbusu kwa niaba yangu, na watoto waambie barafu yao ipo.

Mdogo wako mwenye furaha tele,
Karna