Jina Langu Juu ya Kitabu Chako

Mabatini, Mwanza
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri, goti limetulia na miwani unayo, maana najua huwa unaisahau shambani halafu lawama zinamwendea Mama. Yeye presha inaendeleaje? Anakunywa dawa, au anazitunza kabatini kama vikombe vya wageni? Kahawa mmeshaanika, au mvua imewasumbua? Sisi huku ni wazima. Wiki hii wadudu wa ziwani wametuvamia, wale wadogo wanaopaa kama moshi, na ukipika mlango wazi unakula nao. Mkwe wako yupo Ukerewe kikazi. Watoto wanasoma, na yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele lakini hilo halijampunguzia maneno.

Ningeweza kupiga simu. Ila kwenye simu ungeniuliza bei ya sato, nami ningejibu bei ya sato, tungeagana bila kusema lililonifanya nipige. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa mwalimu mmoja aliyehamishiwa Mbinga. Nimefanya kosa, Baba, na linakugusa wewe.

Unalijua duka langu ingawa hujawahi kuliona. Ni tovuti, simu yangu na meza yetu ya kulia chakula. Nauza vitabu vya watu waliojichapishia wenyewe, wale walioambiwa na wachapishaji "tutakujulisha" wakazeeka wakisubiri. Ulipolisikia mara ya kwanza uliuliza, duka lisilo na mlango mteja atapiga hodi wapi? Lakini walipiga. Mteja akiagiza, nilikuwa nampigia mwandishi anichagulie neno la kumwandikia, naliandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza, kisha kitabu kinapanda basi au meli. Mzee Masalu wa Kisesa, mwalimu mstaafu aliyekusanya vitendawili vya Kisukuma, alikuwa akilitafuta hilo neno mpaka basi linaniacha stendi. Nilikuwa nanung'unika. Leo ningempa siku nzima.

Mwaka jana likaja duka kubwa la mtandaoni, lile linalouza kila kitu kuanzia majiko hadi viatu. Likaanza na vitabu. Mteja wangu akiagiza leo, anapokea wiki ijayo kama basi halijaharibika. Kwao anapelekewa mlangoni, na usafirishaji bure. Wateja hawakugombana nami, waliacha tu kuandika. Bi Zuhura, jirani yangu mshonaji, anayetunga hadithi za mapenzi na kukana kuwa ni zake wakija wakweze, aliniambia waziwazi kwamba yeye mwenyewe amenunua huko kitabu cha mapishi. Alikuwa ananinywesha uji huku akisema, maana nilikuwa na homa, kwa hiyo hata kukasirika sikuweza.

Nikaona nisishindane nao. Nitaviweka vitabu vyetu kwao na kwangu pia. Mshika mbili moja humponyoka, najua, ulinifundisha wewe. Nilidhani nina mikono mikubwa.

Sasa sikiliza kosa lilivyokuwa. Kila mwandishi alitakiwa kujiandikisha kwa simu yake, kisha anatumiwa namba ya siri, anaitaja, anathibitishwa. Waandishi wangu wazee hawana hata barua pepe, hivyo mimi ndiye niliyekuwa najaza na wao wanisomee hiyo namba. Wakakataa. Redio imewaambia, kanisani wamewaambia, msikitini wamewaambia, namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mwanao. Mzee Masalu alinikatia simu mara tatu. Mara ya nne akasema, "Leokadia, kama ni wewe kweli, weka namba yako wewe. Sisi tunakuamini."

Nikaweka. Vitabu kumi na kimoja, vya watu kumi na mmoja, kwa namba yangu na kitambulisho changu. Palikuwa na masharti marefu, Baba, na mimi mwalimu niliyekuwa nawachapa watoto kwa kutosoma maelekezo ya mtihani, nikabonyeza "Nakubali" huku nikigeuza chapati. Nikafunga maboksi yote yaliyokuwa chini ya vitanda nikayasafirisha hadi ghala lao Dar.

Masharti yalisema kitabu kikishaingia kwao hakiuzwi mahali pengine kwa miaka miwili. Wakanitaka nikiondoe kila kimoja kwenye duka langu, nami nikaviondoa, la sivyo wangezuia mauzo ya wote. Duka langu sasa ukilifungua lina picha ya meza na salamu za karibu. Hilo ningelivumilia, ni langu. Lakini kwa kuwa mwenye akaunti ni mmoja, kwao mwandishi naye ni mmoja. Vitendawili vya Mzee Masalu vimeandikwa na mimi. Mapenzi ya Bi Zuhura, mimi. Na kitabu chako cha kilimo cha ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, kile ulichokiandika miaka tisa baada ya kustaafu ubwana shamba, pale juu kwenye ukurasa wao mwandishi anasomeka: Leokadia Kapinga.

Kwenye jalada la karatasi jina lako bado lipo. Ila picha waliyoiweka wao ni ndogo, na mtu anasoma maandishi yaliyo pembeni. Kinanunuliwa, Baba, hilo nalo ujue. Kuna msomaji amesifu ile sura unayoeleza ulivyofundishwa na mama yako kukata nyasi, kuzipanga miraba na kufukia udongo wa mashimo juu yake. Ameandika, "Hongera dada, mama yako alikufundisha vizuri." Mama yangu! Ambaye wewe na mimi tunajua hajawahi kushika jembe la ngoro tangu umtoe Songea mjini. Nilicheka, halafu nikalia mbele ya watoto. Bibi yangu amekuwa mama yangu, na wewe haupo kabisa.

Nimewaandikia mara nyingi kuliko ninavyokuandikia wewe. Majibu yanakuja upesi sana, yote yananishukuru kwa kuwasiliana nao. Hakuna mtu huko wa kumpigia magoti. Nilipomwandikisha Mzee Masalu kwa simu yake mwenyewe, safari hii akikubali kunisomea namba, ili akidai kitabu chake, walimjibu kwamba kitabu hicho kina mwenyewe, na akirudia watamfungia kwa wizi.

Ndipo nikaenda Kisesa kumweleza uso kwa uso. Alikuwa anafanya ukarabati wa banda la kuku. Nilieleza yote, hakunikatiza. Kisha akaniuliza kama nimekula, akamwita mkewe alete michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwao, na karanga, tukala. Nilipoinuka ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, mimi nina miaka themanini na moja. Hiyo miwili ya kwao inaisha lini?" Nikamtajia mwezi. Akahesabu kwa vidole, akanisindikiza mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo sijui la kufanya, Baba. Mwanasheria mmoja mjini alisoma masharti akaniambia nilikubali kwa hiari yangu, na kweli nilikubali. Bi Zuhura anasema nisijiue kwa mawazo, yeye amefurahi kuwa wakweze sasa hawatamjua kamwe. Ananitania ili nipate usingizi. Mimi nataka aniseme vibaya, hasemi. Na wewe naomba unigombeze, uniandikie kwa ule mwandiko wako wa wino mwekundu. Ila najua hutanigombeza, na hicho ndicho ninachokiogopa.

Nisalimie Mama kwa upole, na hayo ya kusifiwa kwa kunifundisha ngoro mwambie wewe, unajua pa kuanzia. Shangazi aliyenilea likizo za shule mwambie vitenge alivyoagiza navitafuta. Kaka mkubwa anayekusaidia kupalilia, mpe pole ya mgongo. Dada wa Litembo, hongera ya mjukuu. Padre wetu aniombee, bila kutaja jambo lenyewe kwenye matangazo.

Mama alinidokeza kwamba kitabu cha pili kimekamilika, madaftari manne, na kwamba unasubiri tu kahawa iishe uyapakie kwenye basi yaje kwangu, kwa sababu huwezi kumwamini mwingine yeyote nayo. Usiyalete, Baba. Yaache hapo hapo kabatini, mahali ambapo kila anayeyafungua anaona mwandiko wako.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuonea haya,

Leokadia